Barua Niliyoichomoa Mwenyewe

Nilipobakiza mwaka mmoja kustaafu niliandikiwa barua kwamba nianze mapema kukusanya karatasi zangu za pensheni, nisije nikachelewa. Nilicheka peke yangu. Mimi nimekula ujana wangu wote na uzee wangu wote ndani ya masijala, chumba cha mafaili cha idara moja ya serikali hapa katikati ya jiji, leo naambiwa nikusanye karatasi! Karatasi ndizo zilizonimaliza macho. Karatasi ndizo zilizonipa kikohozi hiki ambacho mke wangu anasema ni cha kujitakia. Nikaikunja ile barua, nikaitia mfukoni, nikaenda kunywa chai.

Miezi ikapita. Nasema kweli, nilichoka kabla sijaanza. Nilipoanza, picha mbili za pasipoti zikawa nne. Cheti cha ndoa nilikitoa kwenye sanduku la mke wangu kimeliwa na mende pembeni, nikaambiwa niende kwa kadhi nikatafute kingine. Benki walitaka barua kutoka ofisini, na ofisini walitaka barua kutoka benki. Nimepanga foleni mimi mpaka nikajua watu wa foleni, tukawa tunaulizana hali za watoto. Kila nikirudi nyumbani mtaa wa Jamhuri navua viatu mlangoni, najibwaga kwenye kochi, mdomo wa kusemea sina.

"Haya, leo wamekupa?" mke wangu huniuliza.

"Bado."

"Wanataka nini tena?"

"Wanataka nife kwanza."

"Ukifa naila mimi hiyo pensheni," akasema, akaenda zake jikoni. Ndivyo tulivyo. Miaka thelathini na kitu ya ndoa, hatubembelezani tena.

Bahasha ya karatasi zangu ilipojaa niliipeleka kwa afisa wa utumishi, ghorofa mbili juu ya masijala yangu. Ni binti mdogo, rika la mwanangu wa mwisho, lakini adabu anayo. Alinivutia kiti, akaniuliza kama nitakunywa maji, akasubiri pumzi zinirudie. Faili langu la kazi lilikuwa wazi mbele yake.

Hapa lazima nieleze kidogo kazi yetu. Kila barua inayoingia kwenye faili hutobolewa, ikafungwa kwa kamba, na karani akaandika namba yake kwa wino mwekundu juu kwenye kona: moja, mbili, tatu, kwenda mbele. Namba hiyo tunaiita folio. Folio zikifuatana bila kuruka, faili ni zima. Ikiruka hata moja, kuna mtu kachomoa kitu. Mkaguzi anayejua kazi yake hasomi barua kwanza, anasoma folio.

"Mzee, hii faili yako iko safi kushinda zote nimeona hapa," yule binti akasema. "Namba zote ziko. Lakini barua ya kuthibitishwa kazini haiko."

"Angalia vizuri, mwanangu."

"Nimeangalia mara tatu. Kuna ya kuajiriwa kwa majaribio, halafu inaenda kwa likizo, halafu uhamisho, halafu kupandishwa cheo. Ya kuthibitishwa sioni. Kwani wewe hukuthibitishwa?"

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Mtu huajiriwa kwa majaribio, na akishathibitishwa ndipo anapoingia katika orodha ya wenye haki ya pensheni. Bila barua ile, mbele ya serikali mimi ni mtu wa majaribio mpaka leo, na mvi zangu hizi na magoti yangu mabovu. Hakuna pensheni. Nitapewa mkono wa kwaheri na keki.

"Utafute nakala," akasema. "Ama umtafute mwenye alisaini, kama bado yuko, aape kwa wakili kwamba alikuthibitisha. Lakini fanya haraka mzee wangu, umebakisha miezi miwili."

"Labda ilipotea."

"Itapotea aje na namba zinafuatana?"

Nikachukua bahasha yangu, nikashuka ngazi.

Barua ile niliichomoa mimi, kwa mikono yangu hii. Nilikuwa kijana, nimetoka pwani na nguo mbili na kiburi cha kujaza sanduku. Mkuu wangu alikuwa mama mmoja wa Ukambani, mlokole, mnyoofu kama rula, ambaye sote tulimwita Madam. Siku za Ijumaa nilikwenda kusali msikiti wa mjini, na ruhusa alinipa mwenyewe bila kinyongo. Lakini mimi nikishasali nilikaa na watu wa kwetu wenye maduka, tukanywa kahawa, tukawasema watu, mpaka saa nane inageuka saa tisa. Ijumaa moja ufunguo wa masijala ulikuwa mfukoni mwangu na mkurugenzi akataka faili. Nilirudi nikamkuta amesimama mlangoni na wageni wake, Madam yuko pembeni, wamenisubiri saa nzima.

Muda wangu wa majaribio ulipokwisha, Madam akaniandikia barua. Mstari wa kwanza ulisema nimethibitishwa kazini. Mstari wa pili naujua mpaka leo: kwamba nimethibitishwa licha ya uvivu wangu na kutojali kwangu saa za serikali. Uvivu! Na wakati huo nilikuwa nimeposa. Baba wa binti alikuwa maalimu, akisomesha watoto Kurani kwenye chuo kimoja hapo mjini, na alikuwa ametamka wazi kwamba hatoi mtoto wake mpaka aione kwa macho barua ya kuthibitishwa. Si yeye peke yake. Wazee wetu waliohamia Nairobi ndivyo walivyokuwa, barua ya serikali ilikuwa sehemu ya posa. Sasa nimpelekee maalimu barua inayosema mimi mvivu? Heri ningerudi kwetu nikakwee minazi.

Nakala yangu nikaichana vipande vipande. Maalimu nilimwonyesha hati ya mshahara na maneno matamu, akakubali kwa shingo upande. Lakini nakala ya pili ilikuwa bado kwenye faili, na makarani wenzangu wangeisoma, maana asikudanganye mtu kwamba makarani hatusomi. Basi siku moja wenzangu walipokwenda kula mchana nikajifungia ndani, nikafungua kamba, nikaichomoa. Kisha nikafanya jambo ambalo mtu wa masijala tu ndiye angelifanya. Nilikwangua kwa wembe namba za barua zote zilizofuata, polepole, nisitoboe karatasi, nikaziandika upya kwa wino uleule. Tano ikawa nne, sita ikawa tano. Mvivu gani anafanya kazi kama ile! Wakaguzi wamepita miaka na miaka, hakuna aliyeshtuka. Ningeacha pengo, leo yule binti angejua kwamba palikuwa na kitu. Nilijipalia makaa mwenyewe, tena kwa ustadi.

Jioni ile nilimwambia mke wangu. Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe nimeolewa na mvivu mwenye barua! Na babangu masikini akaingia mkenge!"

"Cheka tu."

Akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akaiona sura yangu, akaacha kucheka. "Sasa huyo Madam wako yu hai?"

"Nasikia yupo."

"Basi si uende?"

"Siendi. Hatukuachana vizuri."

"Kwani mlioana?"

Nikaamua kuzunguka kwingine kwanza. Zamani kila barua ilipigwa chapa nakala tatu, na ya tatu ilitiwa kwenye faili la siku, yaani mkusanyiko wa barua zote zilizotoka ofisini siku hiyo. Nikashinda siku nne kwenye stoo ya chini, vumbi hadi kwenye meno, ndipo nikakumbuka kwamba mafaili ya siku ya miaka ile yaliteketezwa, na aliyesimama pale kusaini kwamba yameteketezwa ni mimi. Lahaula! Niliandika makao makuu, sikujibiwa. Nilimtafuta karani mmoja wa kamati iliyokuwa ikithibitisha watu kazini wakati ule, nikaambiwa tumemzika mwaka juzi. Usiku sikulala vizuri na mchana nilisinzia kwenye kiti, na mwezi mmoja ukaisha hivyo. Mwisho mke wangu akaniwekea shati lililopigwa pasi juu ya kitanda.

Dereva wetu wa zamani pale ofisini ndiye aliyejua aliko. Akaniambia Madam anakaa kwa bintiye Spring Valley, mtaa wa wenye nazo, hatoki sana ila Jumapili. Nikapandisha ile barabara kwa miguu kutoka Westlands, ua refu upande huu na ua refu upande ule, mbwa wakinibwekea nyuma ya kila lango. Magoti yalilalamika njia nzima. Mlinzi aliniuliza nina miadi, nikamwambia mimi ni mtu wa masijala, naye akaingia kuuliza.

Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, nje ya chumba kilichojengwa kwa ajili ya mfanyakazi, kikapakwa rangi upya kwa ajili yake. Alikuwa amepungua. Yule mama aliyetutetemesha kwa mlio wa viatu vyake, sasa kiti kilikuwa kikubwa kwake.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Si huyu ni yule Mswahili wangu?" Akanikazia macho. "Umezeeka wewe!"

"Sote, Madam."

"Sote, ndiyo. Kaa."

Akaletewa chupa ya chai na viazi vitamu. Nikamweleza shida yangu yote, na sikuficha, hata wembe niliutaja. Alinisikiliza huku akimenya kiazi kwa vidole.

"Hiyo barua naikumbuka," akasema. "Wewe unajua ile kamati ilitaka kukufukuza? Mkurugenzi alikuwa amekasirika kabisa. Mimi nikawaambia hapana, huyu kijana anajua kazi, wacheni nimkemee kwa maandishi. Wakasema sawa, ukimkemea kwa maandishi tutakubali. Hiyo maneno ya uvivu ndio ilikuokoa."

Nikanywea pale kwenye kiti. Miaka yote nilimchukia mama huyu. Tukikutana kwenye ngazi nilikuwa nageuza uso. Alipoagwa ofisi nzima ilichangia, mimi nikasema sina. Nikaona aibu.

"Na faili yangu?" akaniuliza. "Wakati nilistaafu. Mlikuja kuipata wapi?"

Nimelizunguka jambo hili tangu nianze kuandika, na sasa sina pa kupitia. Madam alipostaafu, faili lake lilitakiwa lipelekwe kwa watu wa pensheni. Nililichukua nikalitia kwenye droo yangu, mahali nilipoweka msala wangu wa kusalia. Akaja mwenyewe kuuliza. Nikamwambia halionekani, tunalitafuta, aje Alhamisi. Akaja Alhamisi, nikamwambia aje wiki ijayo. Wiki ijayo akaja. Adhuhuri ikifika navuta droo, natoa msala, naliona faili lake, nasali, kisha narudisha msala juu yake. Nilimrudisha mara saba. Na kila alipogeuka kwenda zake nilikuwa na furaha fulani ya kijinga ambayo leo nikiikumbuka najichukia. Mara ya saba aliingia ameshika ukuta kwa kuchoka, hakuuliza kitu, alisimama tu akinitazama. Siku hiyo niliogopa, nikasema limepatikana.

Ningeweza kumwambia lilichanganyika na mengine. Maneno hayo nimewaambia watu maisha yangu yote, yanatoka yenyewe. Tena hati niliyokuja kuiomba ilikuwa mikononi mwake, na pensheni yangu pamoja nayo.

"Lilikuwa kwenye droo yangu, Madam."

"Wakati wote?"

"Wakati wote."

Akakiweka kiazi chini. "Kulikuwa na shamba kidogo kule kwetu," akasema. "Mwenye kuuza alinisubiri, akanisubiri. Pesa ikitoka alikuwa ameuzia mtu mwingine. Na nyumba ya serikali nilikuwa nimetolewa. Ndio nikakuja hapa kwa msichana wangu. Wananitunza vizuri, sisemi."

Nikamwomba msamaha. Maneno niliyotumia siyakumbuki, nakumbuka tu kwamba yalikuwa mengi na hayakusaidia. Aliniacha nikasema mpaka nikaishiwa. Kisha akajifuta mikono.

"Leo siandiki," akasema. "Rudi Alhamisi."

Nilishuka ile barabara nikihesabu. Akinirudisha mara saba kama nilivyomrudisha, akinisogeza siku kadhaa kila mara, na mimi nilikuwa nimebakiza siku ishirini na mbili. Kila nilivyohesabu hazikutosha. Nilifika nyumbani nikamwambia mke wangu habari yote, pamoja na ile ya droo na msala, ambayo hakuwahi kuijua. Safari hii hakucheka.

"Utakwenda zote saba," akasema.

"Siku hazitoshi."

"Utakwenda hivyo hivyo."

Alhamisi saa tatu asubuhi nilikuwa langoni, nimejiandaa kurudishwa. Nilimkuta Madam amevaa koti, kofia ya kanisani kichwani, mkoba magotini, na gari la bintiye limewashwa.

"Twende mjini kwa wakili," akasema. "Si kiapo inataka wakili?"

Wakili aliyekuwa akimjua alikuwa na ofisi ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa imeharibika. Nilimwambia tutafute mwingine, mjini hapa mawakili wamejaa. Aliushika ukuta akaanza kupanda. Ngazi tano, anasimama. Ngazi nne, anasimama. Nilimnyooshea mkono, akaukataa. Watu walitupita, wengine wakisema pole shosho, yaani nyanya, naye anaitikia asante. Nilikuwa nyuma yake na mkoba wake, sina la kufanya ila kusubiri apate pumzi. Akaapa, akasaini, wakili akagonga muhuri. Hati hiyo yule binti wa utumishi aliipokea kesho yake asubuhi, akanipigia simu baada ya wiki kuniambia imekubaliwa.

Lakini siku ile ile, tulipokuwa tunashuka, ghorofa ya pili alisimama tena kupumzika. Safari hii alikubali kunishika mkono. Nilikuwa na hati kwenye bahasha, na ningeweza kunyamaza, nikashindwa.

"Madam, mimi nilikurudisha mara saba."

"Najua. Nilikuwa nahesabu."

"Mbona wewe umenirudisha mara moja tu?"

Alishuka ngazi moja, akasimama tena.

"Nilitaka zote saba," akasema. "Halafu nikakumbuka vile miguu ilikuwa inaniuma."